Hifadhi ya Nyerere na Sisi Watu wa Mtoni

(Maneno yaliyosemwa kwa niaba ya Kamati ya Fedha katika hafla ya harambee ya mwaka, Dar es Salaam)



Mmezoea kutuona Kamati ya Fedha tukisimama hapa kusoma mapato na matumizi. Mwaka huu hesabu zimechapwa kwenye kurasa za nyuma za kijitabu hiki, na mwenye swali atatukuta pale mezani penye vitabu vya stakabadhi. Dakika hizi tumeziomba kwa jambo jingine. Tunataka kuzungumza juu ya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, na kwa nini tunaomba sehemu ya mchango wa mwaka huu iende mtoni, badala ya kwenda yote kwenye zahanati na madawati kama ilivyo kawaida yetu.

Minong'ono tumeisikia tangu kadi zilipoanza kugawiwa. "Watu juzi wametolewa majumbani na maji, nyinyi mnataka tukapande boti?" Swali hilo ni la haki kabisa, na tutalijibu. Lakini kwanza tunaomba kila aliyewahi kuingia lango la Mtemere kwa kutembea tu, si kwa kazi, anyooshe mkono.

Ahsanteni. Tumehesabu, maana kuhesabu ndiyo kazi yetu. Mikono haifiki hata meza moja, na miwili kati ya hiyo ni ya madereva waliopeleka wageni, kwa hiyo hiyo tunaiondoa kitabuni.

Sasa tuseme tunacho nini. Hifadhi ya Nyerere ilikatwa kutoka Pori la Akiba la Selous mwaka 2019. Ina kilomita za mraba 30,893. Serengeti, ambayo kila mtoto wa shule anaweza kuichora kwenye ramani, ina 14,763. Yaani hii ya kwetu inaimeza Serengeti mara mbili na bado inabaki nafasi, na hakuna hifadhi ya taifa nchini inayoizidi ukubwa. Lango lake la mashariki liko hatua chache kutoka Mloka. Kuna watu humu ukumbini ambao shamba la bibi yao limepakana nayo, na wameona tembo wengi zaidi kwenye televisheni ya jirani hapa Mbagala kuliko kwao.

Wenzetu wa kaskazini wana nyanda na milima. Sisi hifadhi yetu ni ya mto. Kilombero na Luwegu hukutana kule Shuguli na kuzaa Rufiji. Ruaha Mkuu huingia baadaye. Mto mzima ukajipenyeza kwenye korongo lile la mawe ambalo Wazungu waliliita Stiegler, palipo sasa Bwawa la Julius Nyerere. Ukishatoka pale, mto unapata tambarare na kufanya unavyotaka. Unagawanyika mikono, unajaza mchanga hapa na kuuzoa pale, na umeacha pembeni maziwa ambayo wageni huvuka bahari kuja kuyaona: Tagalala, Manze, Nzerakera, Siwandu. Kisha unashuka kwetu, Mloka, Utete, unapita chini ya Daraja la Mkapa, na kuingia delta yenye mikoko, Mafia ikiwa mbele.

Mwaka jana baadhi yetu wanakamati tulikwenda kupaona, kila mmoja kwa nauli yake, tunasema mapema ili lisije likaulizwa. Barabara kuu ya Kilwa tuliiacha Kibiti, na kuanzia hapo mtu hujua ubora wa kiti chake cha gari. Saa kumi alasiri tukaingia kwenye boti. Tunaomba mtuvumilie tuieleze safari hiyo vizuri, kwa sababu ndiyo hoja yenyewe.

Nahodha alikuwa kijana wa kwetu. Hakuwa na ramani mbele yake. Alikuwa akitazama maji: palipo na mikunjo midogo midogo kuna fungu la mchanga chini, palipo laini na peusi pana kina, panapotoa mapovu yanayosogea, pana kiboko anatembea chini, na unampa njia kwa upande wa maji marefu, kwa sababu kiboko akishtuka hukimbilia kwenye kina, na wewe ukiwa umekaa katikati yake na kina chake, umejitafutia msiba. Mafungu hayakai mahali pamoja. Masika ikipita, njia ya mwaka jana inaweza kuwa kisiwa chenye majani. Tulipomuuliza alijifunza chuo gani, alicheka. Alijifunza kwenye mtumbwi wa babu yake, akishika upondo, kabla hajajua kusoma.

Pande zote mbili mivumo imesimama, mingine imekatika kichwa na kubaki kama nguzo za msikiti usioezekwa. Furukombe alikuwa juu ya mmoja wapo, akatoa ule mlio wake ambao sisi tuliokulia mtoni tuliusikia kila asubuhi bila kuuthamini. Kwenye kingo za udongo keremkerem walikuwa wakiingia na kutoka matunduni, wekundu kama kitenge kipya. Mamba walikuwa wamelala midomo wazi. Mmoja wetu, ambaye hatutamtaja kwa sababu ni mwanakamati mwenye heshima zake, alitumia safari nzima akiwa amekaa katikati kabisa ya boti, mkoba kifuani.

Siku ya pili tulitembea kwa miguu na askari wa hifadhi mwenye bunduki, tukifuata nyayo za nyati. Mchana tukafika chemchemi za Maji Moto karibu na Tagalala, tukatia miguu. Wazee, ile hali ya kutembea porini bila kubeba mzigo, bila kufukuza ngedere shambani, bila kutafuta kuni, ni kitu ambacho sisi watu wa Rufiji hatukuwahi kupewa nafasi ya kukijua. Pori kwetu lilikuwa kazi, au hofu. Wengi hapa mnaikumbuka ile miaka ya 2002 hadi 2004, simba walipokuwa wakiwavuta watu kutoka kwenye madungu usiku. Hatuwezi kumwambia mtu aliyezika ndugu wakati ule kwamba wanyama ni burudani, na hatukuja kusema hivyo.

Tulichokiona ni kingine. Wageni tuliokuwa nao siku ile walielezwa habari za Frederick Selous, mwindaji wa Kiingereza aliyepigwa risasi na kufa Beho Beho tarehe 4 Januari 1917, akipigana na Wajerumani. Kaburi lake liko humo humo hifadhini, na pori zima lilichukua jina lake. Ni historia, nasi hatuipingi. Lakini hakuna aliyewaambia kwamba Ngarambe, upande wa kusini wa wilaya hiyo hiyo, ndiko Kinjikitile Ngwale alikogawa maji, na kwamba Wajerumani walimnyonga Mohoro tarehe 4 Agosti 1905. Hakuna aliyewaambia kwamba sehemu ya pori wanalolishangaa ilikuwa na vijiji: vita vya Majimaji na njaa iliyofuata viliua na kutawanya watu wengi kusini, na miaka ya 1940 watu wa upande wa Liwale wakahamishwa kwa sababu ya malale, na ardhi yao ikaongezwa kwenye pori. Kijana wetu nahodha anazijua habari hizi, kwa sababu bibi yake alimsimulia. Ila kazi ya kuongea na wageni si yake. Yeye ni wa usukani. Mwenye kuongea alikuwa mwongoza watalii aliyetoka mbali, mtu mzuri na mwenye cheti, ambaye mto wetu ameujua kitabuni.

Hapo ndipo penye jambo letu, na hapo sisi wahasibu tunaingia.

Katika kazi zetu tunafundishwa kuifuata fedha. Basi tuifuate ya mgeni mmoja anayelala siku tatu ng'ambo ya Mtemere. Ameruka kwa ndege ndogo kutoka hapa Dar es Salaam. Nauli imebaki Dar es Salaam. Ada ya kiingilio amelipa serikalini, na hiyo ni halali. Chumba amelipia ofisi iliyo mjini, pengine nje ya nchi. Anakula nyanya, mayai, tikitimaji na samaki. Tuliuliza kwenye kambi moja, ambayo hatuitaji, mboga zinatoka wapi. Zinatoka soko la hapa mjini, kwa gari la barafu, mara mbili kwa wiki. Gari hilo linapita Rufiji! Linapita kando ya watu wanaovua kambale na perege, wanaolima mlau kila maji yakishuka, ambao tikiti zao zinaozea kwenye majani. Tulimuuliza msimamizi sababu. Hakutudharau, alitujibu kama mtu wa biashara: mkulima wa Rufiji ana mboga leo, wiki ijayo hana, hana stakabadhi ya kielektroniki, na akipigiwa simu mtandao haupatikani. Hatukuwa na la kumjibu pale pale, kwa sababu kwa upande wa hesabu alikuwa sahihi.

Kinachobaki kijijini ni mishahara ya wapishi wasaidizi, wafua nguo, walinzi wa usiku na manahodha, pamoja na tembo anayeingia kwenye mahindi. Kifuta jasho na kifuta machozi vipo kisheria, lakini aliyewahi kuvifuatilia anajua idadi ya karatasi na idadi ya safari za Utete.

Tuseme na lingine ambalo halipendezi. Mwaka 1976 tembo wa Selous walihesabiwa wakakaribia 110,000. Mwaka 2013 walibaki kama 13,000, na mwaka uliofuata UNESCO wakaliweka pori kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Meno yale hayakutembea yenyewe. Wakubwa wa biashara walikuwa mbali, ila mbeba mzigo mara nyingi alikuwa kijana wa kijiji cha jirani aliyepewa pesa ya wiki mbili. Kijana ambaye pori halijampa hata kikombe cha chai, anayelifahamu kama mahali anapokamatwa tu, utamzuia kwa hotuba?

Sasa turudi kwenye swali la mafuriko. Aprili 2024 maji yalifunika mashamba na nyumba, Muhoro na vijiji vingi vya Rufiji na Kibiti, na chama hiki kilipeleka unga, mahema na mbegu. Wapo wanaosema fedha yote ya mwaka huu iendelee huko. Wazee wetu hapa ni mashahidi kwamba mto huu haukuanza juzi. Mliohamishwa bondeni kwa Operesheni Rufiji, baada ya mafuriko makubwa ya mwishoni mwa miaka ya 1960, mnajua habari yake kuliko sisi. Kila maji yakija tunakusanya unga, yakishuka tunasahau. Msaada wa unga tunautaka, na fungu lake limo kwenye bajeti, halikuguswa. Tunachopinga ni kwamba kazi ya chama iwe hiyo tu: kuwasubiri watu wetu wapate tabu ndipo tuwakumbuke. Kijana mwenye mshahara wa mwongoza watalii ananunua unga wake mwenyewe, na wa mama yake.

Mpango wenyewe una mambo matatu, nasi tunautetea wa kwanza kuliko mingine.

Tunataka kusomesha vijana 12 kwa miaka mitatu, wanne kila mwaka, wake kwa waume. Wengine waende Chuo cha Taifa cha Utalii kusomea uongozaji watalii, na manahodha waliokwisha kuujua mto wapate mafunzo ya usalama majini na cheti kinachotambulika. Sharti ni kwamba mwombaji awe anaishi kwenye vijiji vya kandokando ya hifadhi sasa hivi. Mtoto aliyezaliwa Temeke na baba kutoka Utete tunampenda, lakini hii si yake. Tumebishana sana kwenye kamati juu ya sharti hili, na mnaotaka kulipinga tutaonana kwenye kahawa. Lugha ya kigeni tumeiweka kwenye gharama, maana huko ndiko vijana wetu wanakokwama. Anayejua mto wote halafu hawezi kumweleza Mfaransa kwa nini boti imezunguka upande ule, atabaki kwenye usukani mpaka uzee.

La pili ni mahali pa kukaa pale Mloka, nje ya hifadhi: kivuli cha makuti, vyoo, jiko, na uwanja wa kupiga mahema, kwa ajili ya wanafunzi na Watanzania wa kawaida wasioweza kulipa kambi za dola. Ada ya kiingilio kwa Mtanzania ni ya shilingi, na ni ndogo mno ukiilinganisha na ya mgeni. Kinachomshinda Mtanzania ni mahali pa kulala na usafiri. Jengo litakuwa zaidi ya mita 60 kutoka ukingoni kama sheria ya mazingira ya 2004 inavyotaka, hata kama uzuri uko karibu zaidi, na hata kama tumeona wengine wamejenga wanapotaka. Chini yake, panapochotwa maji, tutaweka uzio wa mamba, wa magogo na waya mzito, ili akina mama wachote na watoto waoge ndani yake. Mtu aliuliza kwenye mkutano wa Machi, kwa nini tusichimbe kisima basi. Kisima ni kizuri na tunakiombea. Lakini mtu wa mtoni hata akiwa na bomba jikoni atashuka mtoni, kufua, kuoga, kumuona mwenziwe. Heri ashuke penye uzio.

La tatu ni safari ya wanafunzi: basi mbili kwa mwaka kutoka shule za sekondari za wilaya, boti, majaketi okozi 60 yatakayokuwa mali ya chama, na mzee mmoja kila safari wa kusimulia. Hili ndilo mnalolicheka, na ndilo lenye gharama ndogo kuliko yote. Ukurasa wa mwisho utaona. Mtoto wa Rufiji akae kwenye boti kama mgeni anavyokaa, atazame, aulize maswali. Wahenga wamesema mgeni njoo mwenyeji apone, na kwetu wageni wamekuja miaka mingi sana.

Kuhusu ulinzi wa fedha: akaunti ni ya watia saini watatu, mmoja wao yuko kijijini. Ada za chuo zitalipwa chuoni moja kwa moja, haitapita mkononi mwa mwanafunzi wala mzazi wala sisi. Kijana akiacha masomo bila sababu, nafasi yake inakwenda kwa anayefuata kwenye orodha. Eneo la Mloka litakuwa mali ya kijiji kwa maandishi, chama kikiwa mwendeshaji kwa muda uliowekwa. Tumeona viwanja vya ukingoni vikibadilisha majina usiku kucha, hatutaki hiki kiwe kimojawapo. Taarifa itabandikwa ofisi ya kijiji kila robo mwaka, kwa Kiswahili, kwa tarakimu zinazosomeka. Mkono mtupu haulambwi, lakini hata mkono uliojaa hauaminiwi siku hizi bila risiti, nasi tunakubali iwe hivyo.

Tumeambiwa muda umekwisha na chakula kinapoa. Fomu za ahadi ziko kila meza, chini ya kile kikapu cha matunda. Weka alama kwenye kisanduku cha jambo unalolichangia. Usipoweka, mchango utaingia kwenye mfuko mkuu na kugawanywa na kamati. Ahadi ya kidogo kidogo kila mwezi inapokelewa, na uzoefu wetu ni kwamba inalipwa vizuri kuliko ahadi kubwa ya usiku mmoja wenye muziki.

Na kwa wale ambao hawakunyoosha mkono: safari ya wanachama ni Jumamosi ya pili ya Septemba, maji yakiwa yameshuka na barabara imekauka. Basi litaondoka Mbagala Rangi Tatu saa kumi na moja alfajiri, kamili. Njoo na kofia, viatu vya kufunga, kitambulisho cha taifa kwa ajili ya ada ya Mtanzania langoni, na nguo zisiwe nyeupe wala za kung'aa. Watoto chini ya miaka kumi wabaki na bibi zao mara hii, mpaka majaketi ya saizi yao yanunuliwe. Majina yanaandikishwa pale kwa katibu, na nafasi za boti ya kwanza ni 20 tu.